Kunguni Wamegoma Kuondoka: Anza na Dalili Unayoiona

Malalamiko ya kunguni hayana upya. Kaa na fundi wa kupuliza dawa, au na mama mwenye vyumba vya kupangisha, utasikia yale yale: nimepiga dawa wamerudi, naamka na vipele ila mdudu simwoni, nimehama chumba wamenifuata. Nimeyapanga hapa kama watu wanavyoyasema. Nenda kwenye la kwako, ila aya inayofuata usiiruke. Wengi wanaoshindwa, wameshindwa hapo.

Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, yai la kunguni huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Penye baridi, kama Njombe au Limuru, huchelewa zaidi. Mtoto akishatoka hujivua ngozi mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara lazima anywe damu kwanza. Akipata chakula bila shida, wiki tano au sita zinatosha kumfanya mkubwa, na jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku. Dawa nyingi za kupuliza haziyawezi mayai hayo. Ukipiga mara moja ukafunga kazi, umeua wazazi ukaacha watoto njiani. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia siku unayoanza. Utaihitaji kuliko chupa ya dawa.

"Naamka na vipele, lakini kunguni simwoni"

Sababu ya kawaida kuliko zote: wapo, unatafuta pasipo. Watu hukunjua shuka, wakaona nyeupe, wakatangaza ushindi. Kunguni hakai kwenye shuka. Anakuja, anakunywa kwa dakika tatu hadi kumi, anarudi ufani.

Anza na tochi ya simu na kitambaa cheupe kilicholowa. Ng'oa godoro, tazama mshono wake wa pembeni, hasa kwenye kona nne na chini ya lebo. Kisha geuza chaga moja moja. Usitazame katikati ya chaga. Tazama ncha zake, pale zinapolalia ubao wa ubavuni. Utakachoona kwanza kwa kawaida si mdudu bali vidoa vyeusi, kama mtu aliyegusisha ncha ya kalamu ya wino mara nyingi mahali pamoja. Futa kwa kile kitambaa. Doa likitanuka na kuacha rangi ya kahawia yenye wekundu, hicho ni kinyesi cha kunguni, damu yako iliyokwisha kusagwa. Likibaki vile vile, huenda ni kutu au uchafu wa mbao. Pembeni ya vidoa tafuta maganda mepesi ya rangi ya chai, ndiyo ngozi walizovua, na mayai meupe ya urefu wa milimita 1 hivi yaliyogandishwa kwenye ufa. Chomeka kadi ngumu ya plastiki kwenye nyufa ambazo jicho halifiki, ikokote polepole. Wakiwa wengi chumba huwa na harufu yao. Wapo wanaoifananisha na majani ya giligilani yaliyopondwa.

Usipopata kitu mchana, amka saa tisa usiku na uwashe tochi ghafla. Mkubwa ana milimita 5 hivi, bapa kama dengu, na akishiba huvimba na kuwa mwekundu.

Mume analalamika, mke hana hata kipele? Hilo halithibitishi kwamba kunguni hawapo. Huenda wote wawili wanaumwa, ila ngozi ya mmoja haijibu. Na kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa, vipele vinaweza kuchelewa hata wiki mbili.

Ukikagua vizuri ukakosa alama yoyote, fikiria wengine. Mbu ndiye wa kwanza. Viroboto huuma zaidi miguuni, hasa kwenye nyumba yenye paka au mbwa. Upele huwasha usiku, hukaa katikati ya vidole na kwenye viwiko, na hushika nyumba nzima; huo hauna dawa ya kupuliza, ni wa kwenda zahanati.

Halafu kuna papasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kumchanganya na kunguni kuna gharama. Papasi huishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku akaondoka, na aliyelala hamwoni, sawa kabisa na kunguni. Lakini ana miguu minane, mwili wa kijivu wenye ngozi kama ya begi kuukuu, na anaweza kubeba homa ya papasi, inayopanda siku kadhaa, ikaisha, ikarudi. Kunguni, pamoja na kero zake zote, haijathibitika kwamba anamwambukiza mtu ugonjwa kwa kumuuma. Kwa hiyo umelala kwenye nyumba ya udongo, umeumwa, na sasa una homa? Acha kutafuta wadudu. Nenda hospitali, na umwambie daktari ulilala wapi. Asipojua hilo, anaweza kutazama malaria peke yake.

"Nimepiga dawa, wakatulia, wiki ya pili wamerudi"

Hili ndilo linaloongoza. Lina sababu nne, na ya kwanza nimeshaitaja: mayai. Upigaji wa pili uwe kati ya siku ya 10 na ya 14, baada ya mayai kuanguliwa na kabla watoto hawajawa wazazi. Wa tatu uwe wiki mbili baadaye. Usisubiri kuumwa ndipo upige. Ukisubiri, wale wa mwanzo wameshakomaa na kutaga.

Sababu ya pili: kitanda hakikufunguliwa. Dawa ilipigwa ukutani na juu ya godoro, kama mtu anayefukuza mbu. Kitanda cha mbao kifungue chote, toa chaga, toa na skrubu. Nilishawahi kusaidia kufungua kitanda cha futi tano kwa sita ambacho mwenyewe aliapa amekipiga dawa mara tatu. Kwa nje kilikuwa kinang'aa kwa vanishi. Tulipochomoa skrubu ya kwanza ya kichwa cha kitanda, nikaingiza sindano ya kushonea kwenye tundu lake, ikatoka na kunguni wawili wamechomwa pamoja kama mishikaki, na nyuma yao mayai yamepangana mpaka ndani. Tundu lilikuwa na upana wa kijiti cha kiberiti. Kila skrubu ilikuwa hivyo. Kwa kazi ya namna hii maji yanayochemka yanashinda dawa: shika birika lenye mdomo mwembamba, mimina polepole kwenye kila tundu na kila ungio, nje ya nyumba. Yanaua mpaka mayai. (Si kwa vitanda vya mbao za kubandika kwa gundi, vitavimba. Wala usimimine karibu na soketi.) Vitanda vya chuma vya bweni huficha kunguni ndani ya bomba, mimina humo, kisha ziba ncha.

Ya tatu: usugu. Dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pairethroidi, ndiyo inayowekwa pia kwenye vyandarua vya mbu. Tanzania hadithi hii ina zaidi ya miaka 20: vyandarua vyenye dawa vilipoingia vijijini watu walivipenda kwa sababu kunguni pia walikufa, kisha kunguni wakazoea, na watu wakaanza kuona vyandarua havina maana. Vilikuwa bado na maana kwa mbu. Ukitaka kujua kama wa kwako wamezoea, piga dawa kwenye kigae, iache ikauke, weka kunguni watatu, wafunike kwa glasi. Wakiwa wanatembea kesho yake, usiongeze kipimo. Badilisha aina ya dawa, au tegemea joto na unga.

Unga ninaousema ni wa diatomaiti, ule mwamba mweupe unaochimbwa Kariandusi kule Kenya, au wa silika. Hauna sumu ya kuzoeleka. Unakwangua nta ya ngozi ya mdudu akakauka. Paka kwa brashi, tabaka jembamba lisiloonekana vizuri, kwenye nyufa na nyuma ya ubao wa ukutani. Ukiumwaga kama unga wa ugali, wataukwepa, na wewe utauvuta puani. Funika pua unapopaka.

Ya nne: chupa yenyewe. Dawa isiyo na lebo, iliyotiwa kwenye chupa ya maji, hujui ni nini na imechanganywa na nini.

Na hapa simama. Usiingize chumbani dawa ya shambani. Na vidonge vya kuhifadhia mahindi, vile vya alumini fosfaidi, usiviweke chini ya kitanda hata kama mtu wa mtaa wa pili anaapa vilimsaidia. Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, inapenya darini na ukutani, na inaua binadamu, pamoja na mtoto wa jirani ambaye hakujua kuna dawa. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mafuta ya taa nayo yaache. Yanaua kunguni yakimgusa, kisha yanakaa kwenye godoro yakisubiri mshumaa. Mtu akianza kutapika, kutoka jasho na mate mengi au kupumua kwa shida baada ya dawa, mtoe nje kwenye hewa, mkimbize hospitali, na uende na chupa.

"Nimeanika godoro juani siku nzima, bado wapo"

Jua linawaudhi tu. Kunguni na mayai hufa kwenye nyuzi joto 50 kwa dakika chache, na juu ya godoro joto hilo linaweza kufika, ila wao hawakai pale pa moto kungoja. Wanashuka upande wa chini wenye kivuli. Anika ukipenda, lakini pitisha pasi ya moto polepole kwenye mishono, ukiegemeza kitambaa cha pamba ili usichome, kisha valisha godoro mfuko wenye zipu. Ule wa nailoni uliokuja nalo dukani, uliochanika kona, ni nyumba nyingine tu kwao. Utoe.

Nguo, shuka na pazia: beseni, maji ya moto kweli kweli, loweka, kisha pasi. Usibebe furushi la nguo wazi kupitia koridoni. Lifunge kwenye mfuko tangu chumbani. Viatu, vitabu na mabegi yasiyoweza maji ya moto, kama una friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, yafunge kwenye nailoni yakae humo siku 4. Chandarua kiangalie kwenye pindo na kwenye kamba ya kuning'inizia. Hiyo ni ngazi yao kutoka darini.

"Nimehamia kulala sebuleni, wamenifuata"

Hili nililifanya mwenyewe, nikiwa nimepanga vyumba viwili Tandika, Dar es Salaam. Nilipochoka kuumwa nilihamia kwenye kochi, nikidhani nitawaua kwa njaa. Ndani ya wiki tatu nilikuwa na vyumba viwili vyenye kunguni. Wengine niliwabeba mwenyewe kwenye blanketi, wengine walitembea. Mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na penye baridi zaidi ya hapo. Njaa si silaha yako.

Lala pale pale, kwenye kitanda ulichokwisha kukisafisha. Sogeza kitanda shibiri moja kutoka ukutani, chomeka chandarua chini ya godoro, shuka lisiguse sakafu. Kila mguu uweke ndani ya kopo dogo, kopo hilo ndani ya bakuli pana lenye maji na kijiko cha sabuni ya unga. Nje ya bakuli zungushia tepu ya karatasi au kitambaa ili wapate pa kukanyaga wakipanda. Ndani pawe laini. Usikose kutia sabuni. Huku kwetu pwani yupo kunguni wa nchi za joto, ambaye miguu yake inashika plastiki laini kuliko ndugu yake wa nchi za baridi, na bakuli kavu anaweza kulipanda akatoka. Badilisha maji kila siku tatu, usije ukafuga mbu.

Kama wameshaingia kwenye makochi, yapindue. Kile kitambaa cheusi chembamba kilichopigwa pini chini ndicho dari lao. Kibandue, pitisha pasi na maji ya moto kwenye mbao, paka unga, usikirudishe mpaka uwe umemaliza.

Watu wa nchi za Balkani, kule Ulaya, walikuwa wakitandaza majani ya maharage sakafuni kuzunguka vitanda, asubuhi wanayakusanya na kuyachoma. Vinyweleo vya jani humchoma kunguni miguuni akanasa. Mwaka 2013 wanasayansi Marekani walichapisha utafiti kuonyesha jinsi inavyofanya kazi. Nimejaribu, wachache walinasa. Kwa kupunguza sawa, kwa kumaliza hapana.

"Ninasafisha kwangu, wanatoka kwa jirani"

Kwanza hakikisha. Vidoa vikiwa vingi kitandani, ni wako. Vikiwa juu ya ukuta wa kugawanyia, kuzunguka soketi, au pale dari linapokutana na ukuta, wanapita. Nyumba nyingi za kupanga zina dari moja kwa vyumba vyote, na kupiga dawa chumba kimoja kunawasukuma vya pembeni.

Ziba matundu kwa simenti au silikoni. Soketi usiipulizie dawa ya maji, usiifungue umeme ukiwa umewaka. Hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Kisha mazungumzo na mwenye nyumba, ambayo ni magumu kuliko dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kodi hiyo?"

"Bado mama. Nina neno la kunguni."

"Kwangu hapajawahi kuwa na kunguni. Umekuja nao na godoro lako."

Usibishane nani kawaleta, hamtamaliza. Nenda na ushahidi kwenye kikopo, mwonyeshe ukuta, kisha mwambie gharama: vyumba vyote sita siku moja, kila mpangaji anachangia.

"Na yule wa chumba cha tatu nani atamwambia? Mimi simwezi."

Utamwambia wewe, kwa upole, bila hadhira. Kunguni hawachagui usafi wala uchafu. Wanafuata damu na pumzi. Uchafu unawaongezea maficho tu. Mtu akijua hilo, aibu inapungua na mlango unafunguka.

Lini umwite mtaalamu

Wakiwa vyumba zaidi ya viwili, wakionekana mchana, au kama umepiga mara tatu kwa kalenda na kitanda kimefunguliwa bado unaumwa, tafuta mtaalamu. Mwite mapema zaidi kama ndani kuna mtoto mchanga, mjamzito au mwenye pumu. Muulize jina la dawa, aone kama ataitaja. Tanzania dawa husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, na lebo inapaswa kuonyesha namba ya usajili. Muulize atarudi mara ngapi. Akisema mara moja inatosha, mshukuru, muage. Akisema atalipua kopo la moshi katikati ya chumba na kufunga mlango, muage pia, maana moshi hauingii kwenye tundu la skrubu.

Hospitali uende ukivimba midomo au uso, vidonda vikitoa usaha, au mtoto aliyeumwa kwa muda mrefu akiwa mweupe viganjani na mchovu.

"Sioni tena. Wameisha?"

Wiki mbili bila kuumwa haitoshi, na nimeona wengi wakirudisha makochi siku ya 15. Hesabu siku 60 tangu ulipoona alama ya mwisho iliyo hai: mdudu anayetembea, doa jipya, au kunguni ndani ya bakuli. Alama za zamani zitakuchanganya, kwa hiyo siku ya kwanza zisugue zote, zile zisizotoka zizungushie chaki. Tandika shuka jeupe. Kila Jumamosi asubuhi tazama bakuli nne, kona nne za godoro na ncha za chaga, andika kwenye kalenda: sifuri, au idadi.

Muda wote huo mtu alale kitandani. Chumba kitupu kikikaa miezi miwili bila alama hakijathibitisha kitu. Kunguni wenye njaa wamekaa kimya ukutani. Ukisafiri wiki mbili, usizihesabu.

Kunguni mmoja kwenye bakuli siku ya 40 hajaharibu kazi yote, ila hesabu ya siku 60 inaanza upya. Mtazame. Akiwa mdogo na mweupe, kuna mayai yalibaki karibu, fungua kitanda tena na uhesabu upya. Akiwa mkubwa, peke yake, na umetoka safari ya basi au umepokea mgeni na begi juzi, huenda ni mgeni pia. Piga maji ya moto, pitia begi, hesabu upya vile vile.

Muwasho bila alama nao upo. Mtu aliyeteswa miezi sita hujikuna kwa kila unyoya unaomgusa, na usingizi haurudi haraka. Bakuli zikiwa sifuri kwa Jumamosi nane mfululizo, ziamini hizo kuliko ngozi yako, na usipige dawa kwa sababu ya wasiwasi. Siku ya 61 toa bakuli mbili, acha mbili za upande wa ukutani mwezi mmoja zaidi.